Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Afrika Kusini: Malkia wa Mvua yuko nchi kavu

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Mtwara ninayeishi Cape Town. Kura sina, lakini bahari ni moja: mwaka 2012 nchi yako, Msumbiji na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kuilinda pamoja dhidi ya maharamia. Nikiuliza habari za manowari zenu, sijaingilia ya jirani.

Majuzi nilikwenda Simon's Town, kwenye kituo chenu cha jeshi la majini. Gatini palikuwa na nyambizi imefungwa kamba, na juu ya mnara wake mnandi wamejipanga, mbawa wamezitandaza zikauke. Mmoja akajitosa, akapotea, akaibuka mbali na samaki mdomoni. Mwenye kazi ya kuzama alikuwa ndege.

Mheshimiwa, nyambizi zenu za kwanza, tatu za aina ya Daphné kutoka Ufaransa, zilianza kazi mwaka 1970 na 1971. Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa ukaiwekea serikali ya makaburu vikwazo vya silaha, na Ufaransa ikakataa kuwakabidhi nyingine mbili zilizokwisha kuagizwa. Zile tatu zikabaki kutunzwa na mafundi wa hapo hapo, na ya mwisho ikastaafu mwaka 2003. Sina la kuisifia serikali ile. Mafundi, hao nawavulia kofia.

Leo hakuna aliyewawekea vikwazo. Nyambizi zenu za sasa, Manthatisi, Charlotte Maxeke na Queen Modjadji, zilitoka Ujerumani kati ya 2006 na 2008, kwa ununuzi ule wa silaha wa 1999, wenye tuhuma za rushwa, ambao kesi zake bado hazijaisha. Ila matengenezo makubwa yamekwama miaka na miaka kwa kukosa fedha. Modjadji ni jina la Malkia wa Mvua wa kabila la Balobedu. Sijui nani alitegemea angekaa kusubiri zamu ya chelezo, pale meli zinapotengenezewa.

Chuma hungoja. Mabaharia je? Nyambizi hizi hutembea kwa betri, na betri huchajiwa kwa injini ya dizeli ikivuta hewa kwa bomba linalochomozwa juu ya maji. Kujua lini uchomoze bomba hilo, na lini ukae kimya chini, mtu hujifunza akiwa ndani, siku nyingi, na watu kama 30 waliobanana. Asiyezama husahau.

Tarehe 20 Septemba 2023, karibu na Kommetjie, wimbi liliwazoa mabaharia saba kutoka sitaha ya Manthatisi wakati helikopta ikishusha mizigo. Watatu walifariki. Kwa hiyo siombi mharakishe watu baharini ili picha ipendeze.

Naomba moja: fedha zilizopo zisigawanywe vipande vitatu. Zimalize nyambizi moja, betri hadi rada, kisha mabaharia wote wapokezane humo hadi mikono irudi. Ya pili ifuate. Na kama hazina haitaki, Bunge liambiwe wazi, vijana wale wapangiwe kazi nyingine wangali na umri.

Wako mtiifu,
Mmakonde wa Cape Town