Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Metali Moja, Ligandi Sita

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliiagiza kamati iachane na mihadhara ya hapa na pale, ishike somo moja na kulifuata mwaka mzima. Tulichagua maisha ya utafiti ya Alan Davison, mkemia aliyeshiriki kutuachia dawa ambayo wengi wetu huitayarisha alfajiri bila kujiuliza ilikotoka, yaani teknetiamu sestamibi, yenye metali ya mnururisho iitwayo teknetiamu, ya kupigia picha za moyo. Baadhi yenu mlinung'unika kwamba mtu huyo hakuwa daktari wala mfamasia. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu iliyotufanya tumchague.

Davison, aliyezaliwa mwaka 1936, alisoma Swansea huko Wales, kisha akapata shahada ya uzamivu Imperial College, London, mwaka 1962, akisimamiwa na Geoffrey Wilkinson, ambaye baadaye alitunukiwa Nobeli ya kemia. Tangu 1964 alifundisha MIT nchini Marekani. Kwa muda mrefu hakushughulika na wagonjwa hata kidogo. Kazi yake ilikuwa changamano za metali, yaani namna molekuli ziitwazo ligandi zinavyoizunguka atomu ya metali na kuibadilishia tabia. Alipoungana na Alun Jones wa Chuo cha Tiba cha Harvard, ujuzi huo aliuhamishia kwenye teknetiamu.

Hapa ndipo darasa letu lilipokaa muda mrefu kuliko tulivyopanga. Teknetiamu-99m, yenye nusu-uhai (muda ambao nusu yake huoza) wa saa 6, huwa kidogo mno ndani ya kichupa, kiasi kwamba haionekani kwa macho wala haipimiki kwa mizani. Mtu anaweza kuifanyia kazi miaka na asijue kwa hakika ameunda kitu gani. Davison na Jones waliishika kwanza ndugu yake, teknetiamu-99, ambayo nusu-uhai wake unazidi miaka 200,000, wakatengeneza changamano za kiasi cha kushikika, wakazichunguza umbo na chaji, ndipo wakarudi kwenye ile ya hospitali wakijua wanachokitafuta. Mwaka 1983, pamoja na Michael Abrams na wenzao wengine, walichapisha changamano za teknetiamu iliyozungukwa na ligandi sita za isonitrili (molekuli ndogo za kikaboni), zenye chaji chanya moja.

Ya kwanza kujaribiwa kwa wagonjwa ilifika kwenye moyo, lakini mapafu na ini navyo viling'aa hadi vikaiharibu picha. Hawakuitupa metali wala hawakuanza upya, bali waliubadilisha mkia wa ligandi hatua kwa hatua, hadi ule wenye kikundi cha methoksi ukatoa dawa inayoondoka upesi kwenye viungo visivyotakiwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mwaka 1990. Baadaye ilieleweka pia kwamba molekuli hiyo haiigi potasiamu kama inavyofanya thaliamu, metali nyingine ya mnururisho ya kupigia picha za moyo. Huvutwa na umeme wa utando wa mitokondria (vyombo vya kuzalisha nishati ndani ya seli), ambazo msuli wa moyo unazo tele.

Katika mafunzo ya vitendo, kijana mmoja aliuliza shaba inafanya nini ndani ya kichupa cha sestamibi. Isonitrili peke yake huruka hewani na kunuka vibaya (anayeijua harufu hiyo hahitaji maelezo), hivyo hufungwa kwenye shaba ili iwe unga mkavu usiosumbua. Tunapochemsha kichupa dakika 10, shaba huiachilia, teknetiamu ikaipokea. Nakiri kwamba nilikuwa nimechemsha vichupa hivyo miaka mingi kabla ya kulielewa hilo vizuri.

Jambo la kusikitisha ni jenereta (kifaa chenye molibdenamu-99, ambayo ikioza hutupatia teknetiamu-99m) iliyokwama uwanja wa ndege karibu siku tatu kwa sababu ya karatasi moja isiyosainiwa. Molibdenamu-99 ina nusu-uhai wa saa 66, kwa hiyo tulipoupokea mzigo, zaidi ya nusu ya tuliyoilipia ilikuwa imekwisha, na wagonjwa waliokuwa wamefunga tangu usiku wakarudishwa nyumbani. Tuliwaandikia wahusika. Jibu lilikuja, la adabu sana, lakini utaratibu umebaki vilevile. Kamati inaomba ridhaa yenu ilifikishe suala hili ngazi ya juu.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Lililobaki kwangu ni pendekezo moja la kupigiwa kura leo: kwamba kila kituo chenye mwanachama kilete, katika kikao kijacho, matokeo ya kromatografia (kipimo cha usafi kinachotenganisha viambato vya dawa) ya sestamibi yake ya wiki hiyo, tuyalinganishe mezani. Kiwango mnakijua, usafi usiopungua asilimia 90. Nimesikia vipo vituo vinavyoruka kipimo hicho asubuhi foleni ikiwa ndefu, na kituo changu kimewahi kuwa kimojawapo.