Kuhusu jumba unalolijenga

Swahiba yangu,

Natumai u mzima na wa nyumbani wote hawajambo. Sisi huku tu salama.

Nimesoma uliyoniandikia kuhusu jumba unalolijenga kwa ajili ya The Dark Mod, ile gemu ya bure ya kunyemelea na kuiba ambayo wachezaji wenyewe huijengea misheni, na swali lako bado liko nami: mchezaji akishaiba alichofuata na kutoka bila kuonekana, nini kitamrudisha?

Mimi naamini atarudi ikiwa kuna njia aliyoiacha kwa sababu hakuihitaji, kisha ikambaki kichwani. Wajenzi wengi hujaribu kumrudisha kwa kumficha vitu. Wanazika kikombe cha dhahabu nyuma ya tofali lisilo na dalili yoyote, naye anazunguka saa nzima akipapasa kuta. Huyo ukimwona amerudi, jua anarudi kama mtu anayelipa deni, si kwa hamu.

Itazame Thief II, gemu ya mwizi anayenyemelea gizani. Studio ya Looking Glass waliitoa mwaka 2000, ikafungwa Mei mwaka huohuo, na hadi leo watu wanaijengea misheni mpya kwa DromEd, programu yake ya kujengea misheni. Kinachowashika, nionavyo, ni zana za yule mwizi, Garrett. Mshale wa kamba hushika kwenye mbao. Ukiupiga kwenye jiwe, haushiki. Basi boriti moja ya mbao juu ya ukumbi wa mawe ni mwaliko. Safari ya kwanza huioni, maana macho yako yako sakafuni: zulia linameza hatua zako, vigae na chuma vinakutangaza kwa kila mtu. Ukirudi, hofu imepungua, unainua uso. Kumbe ningeweza kupita juu kwa juu! Furaha hiyo sijaipata kwenye aina nyingine ya gemu, na ndiyo ninayokuombea uijenge.

Ila njia zako zisilingane. Anayepita juu awe salama gizani, lakini azikose funguo zilizo kiunoni mwa mpishi. Anayepita jikoni apate funguo, na mwanga wa meko umsumbue. Hata taa zipime hivyo. Mwenge unazimwa kwa mshale wa maji. Taa ya umeme ya Thief II haizimwi na maji hata kidogo, lazima utafute swichi yake, ikiwa ipo. Na kwenye The Dark Mod unajua mlinzi anaweza kuiwasha tena taa uliyoizima, kwa hiyo giza ulilojitengenezea halina uhakika wa kudumu. Hapo mchezaji anapanga upya kila anaporudi.

Kuhusu viwango vya ugumu, tafadhali usiwaongezee walinzi macho na nguvu tu. Thief ya kwanza, ya 1998, ilifanya jambo ninaloliheshimu mno: ukichagua Expert, kiwango kigumu kuliko vyote, unaongezewa mambo ya kutimiza, na mara nyingi unakatazwa kuua. Jengo ni lilelile, lakini wewe unalazimika kuwa mtu mwingine ndani yake. Wapo pia wachezaji wanaojiwekea masharti yao wenyewe, wanaopita kama mzimu: hawampigi mtu, hawamshtui mlinzi, hata mlango walioufungua wanaurudishia. Lijaribu jumba lako kwa masharti hayo. Ukikwama mahali kwa sababu mlinzi mmoja amesimama kwenye mwanga mkali, hageuki wala hasogei, basi hapo hakuna mchezo. Mpe sababu ya kuondoka: aende kuota moto, akaongee na mwenzake, kisha arudi kwa muda usiotabirika sana.

Barua na shajara ulizozitawanya vyumbani nimezipenda. Ile ya mpishi anayelalamika kwamba baridi inapenya ukutani ndani ya stoo ni nzuri mno, kwa sababu mara ya kwanza ni manung'uniko ya mzee, na anayeisoma kwa mara ya pili anaanza kuutafuta mlango wa siri. Ongeza za namna hiyo, punguza zinazosimulia historia ya ukoo.

Kama hujaicheza The Black Parade, mfululizo wa misheni uliojengwa na mashabiki, icheze kabla hujaendelea. Ni misheni 10, ilitoka 2023, miaka 25 baada ya Thief ya kwanza, nayo ni bure kwa mwenye Thief Gold, toleo lililopanuliwa la Thief ya kwanza. Angalia walivyoujenga mji kwenda juu na chini, na jinsi unavyoweza kuliacha lengo lako ukaingia nyumba za watu.

Jambo moja nakusihi: umesema unataka kuiondoa ngazi ya nje upande wa ghala kwa kuwa waliojaribu hawakuitumia. Usiiondoe. Sogeza taa iliyo karibu nayo ili mtu aione anapotoka, mikono imejaa mali na jumba ameshalimaliza. Kisha nitumie toleo hilo, hata kama vyumba vya juu bado havina samani. Nitaanzia ghalani.

Wasalimie wazee.

Ni mimi rafiki yako