Aksanti, yaya wa Birere

Yaya, mkubwa wangu uliyenikuta mtaani Birere, Goma, nikipiga picha za chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, jina lako silijui, lakini aksanti sana. Ulisimama juani ukanieleza kwamba mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo hudanganya kipimo cha mwanga: kamera hudhani kuna giza, huongeza mwanga, na jiwe hutoka kijivu. "Punguza mwanga hatua moja," ukasema. Kisha ukanionyesha kushusha kasi ya shata ya kamera hadi 1/30 ya sekunde na kuifuata chukudu kwa kamera inapopita, ili mbao zionekane wazi na barabara nyuma ifutike. Tangu hapo kamera haikai tena kabatini. Na wewe hata soda ulikataa! Nimekuchapishia picha moja kubwa. Ukisoma hapa, niandikie nikuletee.