Tundu la shingoni halizibwi kwa kushona ngozi tu

Ndugu Mhariri,

Mgonjwa akishatolewa mpira wa kupumulia shingoni huambiwa tundu litajifunga lenyewe. Mengi hujifunga kweli, ndani ya siku chache au wiki mbili. Lakini mpira ukikaa miezi mingi, ngozi huota kuelekea ndani hadi ikutane na utando wa bomba la hewa. Njia iliyokwisha kuota ngozi haizibiki kwa plasta. Hewa huvuja, sauti hufifia, kikohozi hukosa nguvu, na maji ya kuoga yanaweza kuingia mapafuni.

Kabla ya kisu, daktari apitishe kamera kuanzia kooni hadi chini ya tundu. Kama kuna nyama iliyoota, bomba limekuwa jembamba au gegedu (mfupa laini unaoshikilia bomba) imelegea, kufunga tundu ni kumzibia mgonjwa njia anayopumulia. Ndugu wa mgonjwa wana haki ya kuuliza kama kipimo hiki kimefanyika, na waulize.

Katika upasuaji, kovu na njia yake hukatwa, bomba hufungwa, kisha misuli bapa ya mbele ya shingo huachanishwa na kovu pande zote mbili na kushonwa pamoja katikati. Hapo ndipo kazi ilipo. Misuli isipowekwa, ngozi hugandana na bomba: kila mgonjwa akimeza, kovu hupanda na kushuka nalo, na shimo hubaki likionekana. Tundu kubwa huweza kuhitaji kipande cha gegedu ya sikio au ya ubavu.

Hatari kubwa huja baadaye, mgonjwa anapokohoa. Hewa hupenya mshono wa bomba, na ikikuta ngozi imezibwa kabisa husambaa chini yake. Shingo na uso huvimba, ukibonyeza unasikia kitu kikichakarika chini ya vidole. Hewa hiyo inaweza kushuka kifuani na kubana mapafu. Ndiyo maana huachwa mrija laini wa kuitoa, kwa kawaida saa 24 hadi 48. Madaktari wengine huacha kidonda wazi kijifunge polepole. Kovu lake halipendezi sana, lakini kwa mtoto mdogo tunaona ni uamuzi wa busara.

Sigara iachwe kabla na baada, kwani huchelewesha kidonda na kuchochea kikohozi. Shingo ikivimba ghafla nyumbani, mgonjwa arudishwe hospitali saa hiyohiyo, asingoje siku ya kliniki.

Ni sisi,
Wahudumu wa wagonjwa wa masikio, pua na koo