Barua ya wazi kwa Waziri: maua yanapaa, sisi tumebaki gatini

Shela, Lamu
Aprili 2021

Kwa Mheshimiwa Waziri unayesimamia usafiri wa ndege,

Assalaam aleikum. Mimi ni nahodha wa mashua hapa Shela. Kwa miaka 19 kazi yangu ni kungoja ndege ishuke kisiwani Manda, penye uwanja wetu, kupokea wageni gatini na kuwavusha, na akipatikana wa safari ndefu natweka tanga mpaka kisiwa cha Kiwayu. Sijawahi kumwandikia mkubwa barua. Leo naandika kwa sababu tarehe 9 mwezi huu ndege za abiria kati yetu na Uingereza zimesimamishwa, na juzi nimeuza injini ya mashua yangu.

Mwezi wa pili nilipata kundi la watu 8 kutoka Uingereza, wafike baada ya Pasaka, siku 6 baharini. Wakala wao akanitumia arubuni ya shilingi 40,000. Tangu korona ianze, hiyo ndiyo pesa ya kwanza niliyoishika nikaihesabu. Mashua ilikuwa imekaa mchangani karibu mwaka mzima, na mashua ya mbao ikikaa juu inakufa. Mbao zinakauka, pamba ya kalafati inachomoka, ukisimama ndani unauona mchanga chini ya miguu yako. Nikamwita fundi. Siku 4 tukapigilia pamba mpya, nikapaka sifa, yaani mafuta ya papa, ndani, na deheni ya chokaa na shahamu chini, nikanunua kitambaa cha tanga. Arubuni ikaisha, nikakopa dukani.

Machi 26 Rais akazifunga Nairobi na kaunti 4 za jirani, na wageni wetu wa Pasaka wakakwama huko. Nikasema Alhamdulillahi, wale 8 wapo. Aprili 2 Uingereza ikatangaza kwamba Kenya inaingia orodha nyekundu: raia wao akitoka huku atawekwa karantini hotelini siku 10, na gharama yake pauni 1,750 alipe mwenyewe. Nani aje Lamu kwa bei hiyo? Serikali yetu nayo ikajibu kwa kufunga. Wakala akataka arubuni yake, na haki yake. Ndipo injini ikaondoka.

Sibishi kwamba maradhi yapo. Nimebeba jeneza la jirani niliyekua naye. Machi 2020 mlipofunga anga tulinyamaza, maana tulijua ni kuokoa roho za watu. Ndege za ndani zikarudi Julai 15, za nje Agosti 1. Tulisubiri, hatukuandamana, hatukumtukana mtu.

Lakini safari hii, Mheshimiwa, tangazo nimelisoma mara mbili. Ndege za mizigo hazikuguswa, kama ambavyo hazikuguswa mwaka jana. Maua ya Naivasha yanaendelea kupaa kwenda Ulaya. Siyachukii, wanaoyachuma wengi ni kina mama, nao wana watoto wa kulisha. Ninalouliza ni nani aliyekaa mezani akasema ua lipite na mgeni abaki. Nijuavyo mimi, ua lina mwenyewe Nairobi na lina mwenyewe London, na hao wakipiga simu wanapokelewa. Nahodha wa Shela ampigie nani?

Na Uingereza nadhani wanalinda chao. Wiki ile walikuwa wameshachanja watu zaidi ya milioni 30. Sisi shehena yetu ya kwanza, ya Machi, ilikuwa dozi milioni 1 na elfu 20 kwa nchi nzima, na chanjo yenyewe ni ile iliyobuniwa kwao Oxford. Mwenye chanjo kamfungia mlango asiyekuwa nayo, na huyu naye kafunga wake. Mmelinda heshima ya nchi, nakubali. Gharama yake imelipwa huku gatini.

Maana mgeni mmoja akishuka Manda hali peke yake. Anakula mwenye mkokoteni, anakula mwenye punda, mama wa mahamri, mvuvi wa kamba, fundi wa kalafati. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kwetu msemo huo ni hesabu ya unga. Mwaka 2019 Kenya ilipokea wageni milioni 2, na mwaka 2020 hawakufika laki 6. Hao waliokosekana kila mmoja alikuwa na mashua iliyokuwa ikimngoja mahali.

Sasa nikukumbushe jambo. Agosti mwaka jana alikuja afisa mmoja hapa gatini na daftari lenye jalada la kijani. Tukapanga foleni juani. Tukaandikisha jina, kitambulisho, simu na jina la mashua. Akasema ni orodha ya walioumizwa na kufungwa kwa utalii, na msaada utaingia kwenye simu kabla ya mwezi kwisha. Mimi nilikuwa wa 37. Laini ile sijaibadilisha mpaka leo, nikihofia pesa zije zisinikute. Nimeshauliza ofisi tatu. Kila mmoja ananiambia daftari liko kwa mwenzake.

Siombi ufungue anga leo. Ningeomba mkitaka kufunga mtwambie mapema, mtu asije akatia arubuni yote kwenye pamba na tanga. Ningeomba pia mezani pawe na mtu anayejua bei ya kuvuka kutoka Manda. Lakini kama hayo ni mazito, naacha yote, nabaki na moja. Daftari lile litafutwe. Ramadhani imeingia, na tangu mfungo wa kwanza nyumbani kwangu tunafuturu kwa uji. Litafutwe, Mheshimiwa, lifunguliwe, lisomwe. Mimi ni wa 37, na mbele yangu wapo 36.

Wako,
Nahodha wa Shela