Asiyesomea sayansi ndiye mwenye haja zaidi na maabara

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu likiuzwa shilingi mia mbili na sijawahi kuwaandikia. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya ile taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu wanachuo wa ualimu kufanya vitendo vya biolojia kwenye kompyuta na simu. Mwandishi wenu aliisifu, na akaweka humo sentensi iliyoninyima usingizi: kwamba wanachuo hao si wa mchepuo wa sayansi, kwa hiyo maabara ya kwenye kioo inawatosha.

Inawatosha kwa lipi? Anayesomea sayansi atakutana na hadubini mwaka huu, mwakani na hata kazini. Huyu wa historia na Kiswahili nafasi yake ya kushika slaidi, kile kipande cha kioo unachowekea kitu cha kutazama kwa hadubini, ni hii moja tu. Akimaliza chuo anapangiwa shule ya msingi yenye upungufu wa walimu, anakabidhiwa vipindi vya Sayansi, na watoto wetu wanamwamini kila anachosema. Mkimnyima yeye mmewanyima na wao.

Mwaka jana, nikiwa mjumbe wa kamati ya shule moja ya msingi, niliingia kusikiliza kipindi cha darasa la tano. Mwalimu alikuwa binti mchapakazi, amesoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), chuoni alipata alama nzuri za vitendo na vyote alivifanya kwenye simu. Siku hiyo alitaka kuwaonyesha watoto kwamba jani hutengeneza wanga. Jaribio hili kila mkufunzi analijua: jani unalichemsha kwanza kwenye maji, kisha unalitia kwenye chombo chenye spiriti ili kijani kitoke, unalisuuza, halafu unadondoshea iodini na kusubiri rangi ya bluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi. Hatari yote iko kwenye spiriti. Haipikwi motoni. Unaepua maji yanayochemka, unazima moto, ndipo unatumbukiza chombo cha spiriti ndani ya maji hayo. Spiriti huchemka kwenye nyuzi joto 78 hivi na maji kwenye 100, kwa hiyo joto la maji peke yake linatosha. Yule binti alimimina spiriti kwenye sufuria ndogo akaiweka moja kwa moja juu ya jiko la mkaa, watoto wa mstari wa mbele wakiwa wameinama kuchungulia. Moto ukaruka juu. Niliwavuta watoto nyuma, mwalimu wa darasa la jirani akaja mbio na sinia la bati akaifunika sufuria. Kitambaa cha meza kiliungua. Mtoto hakuungua, na namshukuru Mungu mpaka leo. Nilipomuuliza baadaye kwa utaratibu, alinijibu huku analia: "Mwalimu, kwenye programu nilibonyeza picha ya spiriti, nikabonyeza picha ya moto, jani likawa jeupe." Simlaumu hata kidogo. Ninawalaumu waliompa alama kwa jambo ambalo mikono yake haijawahi kulifanya, wakamtuma akalifanye kwa mara ya kwanza mbele ya watoto wa watu.

Sina ugomvi na kompyuta, Ndugu Mhariri. Zipo programu nzuri. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, kina mradi wa majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta uitwao PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Programu zake hutolewa bure, na nyingine zinafanya kazi bila intaneti. Iko moja ya sungura na mbwa mwitu: unabadilisha rangi ya manyoya, unaleta adui, unaona kizazi baada ya kizazi ni sungura gani wanaobaki. Hilo huwezi kulifanya darasani hata ukiwa na fedha zote za wizara, kwa hiyo fundisheni kwa kompyuta na mimi nitakuwa wa kwanza kuunga mkono. Tena vyuo vingi duniani vilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya Uviko, programu za namna hii ziliwafaa wengi. Lakini kitunguu? Kitunguu kipo sokoni kila siku. Ukibandua ile ngozi nyembamba ya ndani, ukaitandaza kwenye tone la maji na kuifunika vibaya, povu la hewa linanasa chini ya kioo, na mwanachuo atalichora povu lile kwa fahari akidhani ndiyo seli. Nimesahihisha michoro ya namna hiyo maisha yangu yote ya kazi, na hapo ndipo somo huanzia: unamrudisha kwenye hadubini, anatazama tena, anajua kwamba jicho linadanganya na kwamba lazima ajiulize anachokiona ni nini. Slaidi ya kwenye simu haina povu. Imeshasafishwa na mtu mwingine.

Halafu kuna hili la vyumba. Rais Kikwete alipoagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, na muda wa mwisho ukasogezwa kutoka Novemba 2014 hadi Juni 2015, tulichangishwa kaya kwa kaya. Wapo wazee waliouza kuku ili watoe mchango. Leo nenda kwenye baadhi ya shule hizo ukachungulie dirishani: viti vilivyovunjika, magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi, mabomba yasiyotoa maji. Kabla ya hapo tulikuwa na mtihani mbadala wa vitendo, mwanafunzi akieleza kwa maandishi jaribio ambalo hajaligusa. Tuliupigia kelele miaka mingi. Sasa unarudi kwa mlango wa nyuma, umevaa nguo mpya, na bando ananunua mwanachuo kwa fedha yake ya chakula.

Ninachoomba si kikubwa. Kila chuo cha ualimu kitenge Alhamisi, saa nane hadi saa kumi mchana, kwa wanachuo wote wasio wa sayansi. Wakae wawili wawili wakiwa na kitunguu kimoja, wembe mpya, slaidi, kichupa cha iodini na hadubini yao. Hadubini zisipotosha, ziko zile za karatasi ziitwazo Foldscope, walizozibuni Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford kwa bei ndogo makusudi ili zifike mahali kama hapa kwetu. Mkufunzi asisaini alama ya vitendo mpaka mwanachuo amletee mchoro wa penseli wa seli alizoziona mwenyewe, na mpaka awe amechemsha jani kwenye spiriti mbele yake, jiko likiwa limezimwa. Na kwa kuwa vyumba vya sekondari za kata vimekaa bure, wakurugenzi wa halmashauri waagize magunia yatolewe na funguo wapewe wakufunzi wa vyuo vya jirani kuanzia muhula ujao.

Mkufunzi mstaafu wa Sayansi,
Morogoro