Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Jina Lako Liwemo Kwenye Mkataba

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, Watanzania wenzangu mlio Dubai na ndugu zetu mliohamia Sharjah na Ajman kufuata kodi nafuu. Futari ya pamoja, mapokezi ya wageni na msiba tuliousafirisha kwenda nyumbani, katibu ameshavieleza katika taarifa yake. Mimi nitasema juu ya makazi, kwa sababu mwaka huu simu nilizopigiwa usiku karibu zote zilikuwa za makazi.

Nianze na mwezi Juni. Manispaa ya Dubai ilianza msako wa nyumba zilizogawanywa vyumba kwa mbao na jasi bila kibali, katika mitaa kama Al Rigga, Al Muraqqabat na Al Satwa. Wengi wetu tulianzia maisha humo: kitanda kimoja, pazia, kabati la chuma, jiko la zamu. Msako wenyewe siupingi. Moto ukizuka ndani ya fleti iliyokatwa vipande, mtu wa chumba cha mwisho hana pa kutokea. Kinachoniuma ni kwamba wenzetu waliondoka na masanduku, na pesa zao zikabaki nyuma.

Dada yetu mmoja alikuwa amelipa kodi ya miezi mitatu mkononi, bila risiti, kwa mtu aliyejiita mwenye fleti. Kumbe naye alikuwa mpangaji tu, na mwenye nyumba hakujua kwamba humo ndani wanalala watu kumi na mmoja. Mtu yule akazima simu. Mama mmoja wa Al Qusais alimpokea dada kwa wiki mbili, na namshukuru mbele yenu wote.

Hapo ndipo tulipofungua sheria. Sheria ya upangaji ya Dubai, namba 26 ya mwaka 2007, pamoja na marekebisho yake ya 2008, inamkataza mpangaji kupangisha tena bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Akifanya hivyo, wanatolewa yeye na aliyempangisha. Aliyepangishwa anaruhusiwa kumdai fidia yule aliyechukua pesa yake, lakini dai linahitaji ushahidi, na dada yetu hakuwa na hata ujumbe mmoja wa simu unaotaja kiasi alicholipa. Pesa yake haijarudi hadi leo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni Ejari. Ndugu zangu wa pwani, neno hili si geni kwetu. Ni nasaba moja na ijara yetu. Ni usajili wa mkataba katika Idara ya Ardhi ya Dubai, na bila usajili huo utapata tabu kufungua shauri katika Kituo cha Kusuluhisha Migogoro ya Upangaji. Mkikaa watatu au wanne, mpangaji mkuu anaweza kuwaandikisha wote anaoishi nao kupitia Dubai REST, programu ya simu ya Idara hiyo. Akikataa kukuandikisha, muulize sababu kabla hujatoa dirham yako ya kwanza.

Ombi la pili ni kwa wenye mikataba tayari: msikubali ongezeko la kodi kwa sababu tu limesemwa kwa sauti kubwa. Mwanachama mmoja aliletewa ujumbe wa WhatsApp zikiwa zimebaki wiki tatu mkataba uishe, kwamba kodi inapanda kwa robo. Alikuwa ameshaanza kufunga mizigo. Tukakaa naye, tukaandika barua ya heshima kumkumbusha mwenye nyumba kwamba badiliko la masharti linahitaji taarifa ya siku 90, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Kisha tukaweka takwimu zake katika kikokotoo cha kodi cha Idara ya Ardhi. Kwa mujibu wa amri namba 43 ya mwaka 2013, kodi iliyo chini ya wastani wa soko kwa asilimia 10 au pungufu ya hapo haipandi kabisa. Ikiwa chini kwa asilimia 11 hadi 20, inapanda kwa asilimia 5, na huendelea hivyo mpaka asilimia 20, ambayo ndiyo kikomo. Tangu Januari mwaka huu kikokotoo hicho kinapima hata hali ya jengo lenyewe. Mwenzetu ameongezewa asilimia 5, na bado anaishi pale pale.

Na mwenye nyumba anayesema anataka kuuza, au kuishi humo mwenyewe, anapaswa kutoa taarifa ya miezi 12 kupitia kwa mthibitishaji wa umma au kwa posta iliyosajiliwa. Ujumbe wa simu haumtoi mtu. Mliomo Sharjah na Ajman mna sheria zenu. Msije mkayatumia haya ya Dubai huko mkaaibika.

Juu ya hundi: wengi mnalipa kodi kwa hundi nne au sita za tarehe za mbele. Ni kweli kwamba tangu Januari 2022 hundi iliyokosa fedha haikupeleki jela kama zamani, lakini anayekudai anaweza kwenda moja kwa moja kwenye utekelezaji bila kesi ndefu. Usiandike hundi kwa kutegemea mshahara ulioahidiwa tu.

Sasa kununua. Vijana wetu wamenitumia matangazo mengi mwaka huu, fleti za kulipia asilimia moja ya bei kwa mwezi, na madalali wanapiga simu mpaka saa za sala. Siwakatazi. Tangu mwaka 2006 mgeni anaweza kumiliki moja kwa moja katika maeneo yaliyotengwa, na wapo wanachama walionunua International City na wanaishi kwa amani. Ila hesabu ifanywe yote. Chukua fleti ya dirham 600,000. Mgeni anayenunua nyumba ya kwanza kwa mkopo hutakiwa kutoa walau asilimia 20, yaani 120,000. Ada ya Idara ya Ardhi ni asilimia 4, yaani 24,000. Dalali kwa kawaida huchukua asilimia 2, yaani 12,000, na kodi ya ongezeko la thamani juu yake. Tangu Februari mwaka huu benki haziruhusiwi tena kuziingiza ada hizo ndani ya mkopo. Kwa hiyo kabla hujashika ufunguo umetoa zaidi ya 156,000 taslimu, na ada ya huduma za jengo inakungoja kila mwaka, uwe na mpangaji au usiwe naye.

Nyumba ambayo bado ni ramani ina hatari yake. Waliokuwapo hapa 2009 wanakumbuka bei zilivyoporomoka na majengo yaliyoachwa nguzo tupu. Sheria namba 8 ya mwaka 2007 inataka malipo ya wanunuzi yaingie katika akaunti maalumu ya mradi. Dalali akikupa akaunti ya mtu binafsi, funga mazungumzo.

Kwa wengi wetu tunaoishi kwa mshahara, naona bora kupanga hapa kwa mkataba safi na kujenga nyumbani. Falme hizi za Kiarabu hazitupi uraia, na kwa hilo tumebaki Watanzania kamili. Ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani waliochukua pasi za huko walipoteza uraia wa Tanzania, na pamoja nao haki ya kumiliki ardhi kama raia chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Sisi tunayo. Lakini tunaipoteza kwa njia nyingine: tunatuma pesa ya kiwanja kwa kaka au shemeji, na hati inatoka kwa jina lake. Mwaka huu nimesuluhisha ugomvi wa aina hiyo katika familia mbili, na mmoja umeshindikana. Fanyeni upekuzi kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kulipa, na hati iandikwe jina la anayelipa.

Wapo waliopendekeza tuchangishe fedha kuwasaidia waliotolewa nyumba. Nililikataa hilo, na najua baadhi yenu mliudhika. Sheria ya hapa hairuhusu kuchangisha bila kibali, na sitawaweka wenzangu hatarini. Tulichoweza ni kufungua milango ya nyumba zetu, na mlifungua.

Dada yule sasa anakaa Al Qusais na wenzake wawili, na majina yote matatu yameandikishwa. Amejitolea kujiunga na kamati ya makazi. Naomba mkutano umpokee, na kila mwanachama aje na nakala ya mkataba wake tuusome pamoja kabla hajaweka saini ya mwaka mpya.

Mwenyekiti wenu